Watu wa Ukame Kwenye Vita vya Matope

Hotuba niliyoitoa mtaani kwetu, Dodoma, jioni ya tarehe 24 Julai, mkesha wa Siku ya Mashujaa. Walioshindwa kufika waliomba niiweke yote. Nimeiweka kama ilivyotoka, pamoja na mahali nilipopotea njia.

Mbukwenyi!

(Mbukwa!)

Hiyo ni ya watu wenye njaa. Najua pilau inanukia kule nyuma, lakini itikieni kama watu wa Dodoma. Mbukwenyi!

(Mbukwa!)

Asanteni. Ndugu mwenyekiti wa mtaa, viongozi wetu wa dini, wazee wetu mliokaa mbele na medali zenu, akina mama, vijana mliojificha pale chini ya mwarobaini, itifaki imezingatiwa. Wanaonifahamu wanajua nimeshika chaki zaidi ya miaka 30. Mwalimu mstaafu ukimpa kipaza sauti umekwisha, maana kengele ya kutoka anayo yeye.

Kesho ni tarehe 25 Julai. Wengine mtakwenda kwenye maadhimisho, wengine mtayatazama kwenye runinga. Mtaona gwaride. Mtasikia tarumbeta, mtasimama dakika moja kimya. Kisha vitu vitawekwa mnarani kimoja kimoja: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka, shada la maua. Napenda sana tukio lile. Zile hatua za polepole, mikono miwili, kuinama, kisha heshima. Lakini kila mwaka nikitazama najiuliza swali moja, na leo nawauliza ninyi. Ngata iko wapi?

Vijana wananikodolea macho. Ngata ni hii hapa. (Nikaionyesha. Mama aliisokota juzi kwa kipande cha khanga kuukuu.) Unaiweka kichwani, ndipo unajitwika ndoo, kuni, gunia. Mkuki upo, sime ipo, shoka lipo. Nani kesho ataweka ngata?

Nianzie mbali kidogo, Vita vya Kwanza vya Dunia. Julai 1916 Waingereza waliingia Dodoma, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea kusini. Reli ilikuwepo, lakini ukishaiacha reli hapakuwa na barabara ya maana, na punda na farasi walikufa kwa mbung'o kama inzi. Sasa risasi zinabebwa na nini? Unga unabebwa na nini? Zinabebwa na kichwa cha mtu. Kichwa cha babu zenu na babu zangu.

Baba yake bibi yangu alichukuliwa shambani. Bibi alinisimulia nikiwa msichana, tunachambua mlenda. Hakwenda kwa hiari wala hakupewa bunduki. Alisokota ngata ya majani, akatwikwa sanduku, wakaanza safari ya kwenda upande wa Iringa. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, kwa njaa na kwa baridi ya milimani. Risasi haikuwa na haja ya kuwatafuta.

Halafu huku nyumbani ikaja Mtunya, ile njaa kubwa. Wazee, hilo jina mnalijua. Majeshi yote mawili, la Mjerumani na la Mwingereza, yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua vijana wenye nguvu za kulima. Mvua nayo ikagoma. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo uliteketea. Makadirio ya Waingereza wenyewe yalisema watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Mmoja katika kila watano! Hebu hesabuni hapo mlipokaa. Wewe, wewe, wewe na wewe mko hai. Wewe wa tano, samahani.

Baba yake bibi alirudi katikati ya Mtunya. Na bibi alipofika hapo alishusha sauti, akaangalia mlangoni, akasema neno moja: "Alitoroka." Aliuacha mzigo porini akatembea usiku. Alimkuta mtoto mmoja amekufa na mwingine amebadilishwa kwa nafaka kwa watu waliokuwa na chakula. Huyo hakupatikana tena. Aliyebaki ni bibi, naye alimbeba mgongoni akaenda kumchimbia mizizi.

Nawauliza. Kwa nini bibi alishusha sauti? Miaka 60 imepita, Mjerumani hayupo, Mwingereza ameondoka, na bado neno "alitoroka" lilisemwa kama vile kuna mtu dirishani. Angekuwa hakutoroka, mimi ningekuwa wapi?

Ukienda Dar es Salaam utaiona Sanamu ya Askari, imesimama pale tangu 1927. Askari wa shaba, buti, bunduki mbele. Chini yake wameandika kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri kabisa. Lakini aliyesimama juu ni nani? Ni mwenye bunduki. Mpagazi amebaki kwenye maandishi, na kwenye jina la soko: Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Tunakwenda kununua viatu kwenye jina lao na hatujui.

Niende mbele. Babu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza. Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Bama, yaani Burma, mwaka 1944, askari wa Afrika Mashariki walipopita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, magari yanazama matopeni na watu wanaanguka kwa malaria. Haya nimeyasoma vitabuni. Yeye mwenyewe hakusema chochote. Tulichokiona sisi wajukuu ni hiki: ninyi mnajua mvua ya kwanza Ugogo ilivyo. Watoto nje uchi, akina mama wanapiga vigelegele, hata mbwa wanacheza. Babu alikuwa anaingia ndani ya tembe, anakaa pembeni, anajifunika koti lake zito la jeshi hadi mvua ikatike. Kila mwaka. Sisi tuliamini babu ni mzuia mvua. Tulimwogopa! Kumbe mzee wa watu alikuwa yuko Bama, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata ndani kumuuliza, "Babu, vipi?"

Mnaona kitu gani hapo? Sisi ni watu wa ukame. Maji tunayachota kwenye mchanga wa korongo. Na kila wakitupeleka vitani wanatupeleka kwenye matope. Hili ndilo linanifikisha kwa baba.

Wa umri wangu mnaikumbuka Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, daraja la Kyaka likavunjwa. Nilikuwa darasa la tatu. Kijiji kizima kilikusanyika dukani penye redio, Mwalimu Nyerere anazungumza. Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu tunayo. Nia tunayo. Kesho yake shuleni ilikuwa ndiyo salamu yetu. Ukifika zamu ya uji unasema, "Uwezo wa kunywa tunao!" Watoto bwana.

Jeshi lilikuwa na watu kama 40,000. Kwa miezi michache likavuka 150,000. Hao wengine walitoka wapi? Walitoka JKT, polisi, magereza, na walitoka kwenye mashamba ya uwele. Mgambo! Baba yangu alikuwa mgambo. Mafunzo yake mengi aliyapata kwenye uwanja wa mpira wa kijiji, kwa bunduki ya mti. Lori la ushirika likaja asubuhi, wakapanda, wakapelekwa mjini kupanda treni. Baba alimwachia mama mambo mawili. Alisema, "Mbegu usizile." Halafu akasema, "Baiskeli yangu isikamate kutu."

Ilikuwa Phoenix nyeusi, pekee kijijini mbali na ya mwalimu mkuu. Mama akaitundika darini. Kila Jumapili baada ya kanisa anaishusha, anaifuta vumbi, anapaka mnyororo mafuta. Sasa mafuta ya mashine yalipatikana wapi mwaka ule? Alipaka mafuta ya karanga. Jumapili hadi Jumapili, miezi karibu tisa. Vumbi la Ugogo na mafuta ya karanga mnajua kinachotokea. Baba aliporudi, amekonda, macho yameingia ndani, alisalimia watu wote kwa mkono, akaingia, akaishusha baiskeli, akaunusa mnyororo. Akasema: "Nani amekaanga baiskeli yangu?"

Mama yupo hapa mbele anacheka. Alivyosimulia siku zote ni kwamba kijiji kizima kilicheka hadi kikalia. Mimi nakumbuka kulia zaidi, maana yule mwenzake aliyeondoka naye kwenye lori lile hakurudi, na mke wake alikuwa amesimama pale mlangoni kwetu, anacheka pamoja na sisi.

Baada ya hapo miaka 30 kimya. Tulijua baba alikwenda Kagera, alivuka mpaka, alifika Masaka. Kila sherehe ya shule nilisema kwa kujivuna, "Baba yangu alimpiga nduli." Nilipomuuliza, niliuliza hivi: "Baba, mlishindaje?" Naye anajibu, "Tulishinda tu." Mazungumzo yameisha.

Tarehe 29 Aprili 2009 tulikuwa Dar es Salaam. Nilimsindikiza kutibiwa macho, tukafikia kwa mdogo wangu Mbagala. Mnakumbuka siku hiyo, ghala la mabomu lilipolipuka. Nilikuwa uani naanika nguo. Mlio wa kwanza, sijageuka bado, baba ameshanilaza chini kwa mkono mmoja kama gunia la mkaa. Mzee wa miaka 65, haoni vizuri! Alinifunika na mwili wake, na nilimsikia anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Mlipuko. Anaanza tena. Moja, mbili. Alipotosheka akasema, "Sasa. Twende." Tukatembea na maelfu ya watu kuelekea Mtoni, ndala mguuni, nguo mbichi begani.

Usiku ule tulilala kwenye kibaraza cha mtu tusiyemjua, Mungu ambariki. Na hapo kibarazani, bila kuulizwa, baba akasema: "Mwanangu, Lukaya tulikimbia."

Nikasema, "Nani walikimbia, baba?"

"Sisi. Mimi."

Lukaya ni mji mdogo njiani, ukitoka Masaka kwenda Kampala. Mbele yake kuna bwawa kubwa la mafunjo, na barabara inapita juu ya tuta, maji huku na huku. Nimekuja kusoma baadaye kwamba brigedi iliyokuwa pale, ya 201, sehemu kubwa ilikuwa mgambo. Tarehe 10 Machi 1979 walikutana na vifaru na maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Mengi ya maroketi yalipita juu. Lakini baba alisema mlio wake si mlio wa kitu kinachopita juu, ni mlio wa kitu kinachokuja kwako wewe, kwa jina lako. Mistari ikavunjika. Wengine wakatupa vitu, wengine wakaingia majini.

Nikamuuliza, "Sasa ulirudije?"

Akacheka. Kwanza nilidhani amekasirika. Akasema, "Nilirudi kwa sababu maji yalifika hapa," akagusa kifuani, "na mimi sijui kuogelea. Mgogo nitajulia wapi kuogelea?" Alishika mafunjo usiku mzima, bunduki kichwani, bila ngata. Hakujua adui yuko wapi wala wenzake wako wapi. Karibu na alfajiri akasikia mtu anatukana kwa Kigogo. Matusi mazito, ya mama na ya ng'ombe. Akasema moyoni, upande ule ni kwetu. Akayafuata matusi.

Tarehe 11 asubuhi wakashambulia tena, na brigedi nyingine, ya 208, ikiwa imezunguka usiku kuwakatia adui njia ya Kampala. Wakashinda. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka. Hayo ya ushindi baba aliyasema kwa haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Aliyoyasema polepole ni ya majini.

Wazee wangu, nawaangalia mliokaa hapa mbele. Wawili nimewaona mmetikisa kichwa. Sitawauliza kwa nini.

Nimefikiri sana kwa nini alikaa na jambo lile miaka 30. Jibu nililolipata halinifurahishi. Ni mimi. Ni sisi. Tuliwaandalia swali moja tu, "mlishindaje", na mtu mwenye jibu tofauti akaona bora anyamaze. Tulitaka baba wa kwenye sherehe ya shule. Aliyeingia majini hatukumpa nafasi ya kukaa.

Na siyo sisi wa nyumbani pekee. Karatasi ya baba ya vitani ililiwa na mchwa ndani ya tembe, ikabaki pembe moja yenye muhuri nusu. Siku moja, baada ya kusikia wenzake wanaandikishwa, aliifunga ile pembe kwenye mfuko wa nailoni akaenda nayo ofisi fulani, siitaji. Kijana wa pale, mpole tu, hakuwa na ubaya, akamwambia: "Mzee, sasa mimi nitajuaje kama kweli ulienda?" Baba akamshukuru. Akarudi nyumbani, akala, akalala. Hakwenda tena popote na ile karatasi, na alifariki mwaka 2014. Ninayo mimi.

Yapo mengine mengi yanayotuhusu sisi wa mkoa huu na sitayamaliza. Kongwa pale, kuanzia miaka ya 1960, walikaa wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia. Samora Machel amepita Kongwa. Wapo akina mama waliowauzia maziwa, wakawazalia watoto, kisha baba wa mtoto akaenda vitani na habari zake zikaishia hapo. Kuna gwaride la hao? Na vijana wetu wa juzi juzi waliokwenda kulinda amani: 7 walioanguka Darfur, Sudan, Julai 2013, na zaidi ya 10 walioanguka Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017. Wana wazazi ambao bado wana nguvu za kuzungumza. Tusingoje miaka 30.

Kwa hiyo, vijana, hizo simu mnazonirekodia mimi, zigeuzeni. Mimi sijapigana na mtu yeyote, labda na watoro wa darasa la sita. Kaa na babu yako. Usianze na ushindi. Muulize aliogopa nini. Muulize nani alitembea kulia kwake na nani kushoto, viatu vilimtosha, alipokuwa mbali alitamani chakula gani. Akinyamaza, nyamaza naye, usimkimbize, usimalizie sentensi zake. Akisema "nilikimbia", usiseme "hapana babu, wewe ni shujaa." Muulize alikimbilia wapi.

(Hapa mwenyekiti alinionyesha saa. Nikamwambia kengele ninayo mimi.)

Namalizia, lakini simalizii mimi. Nilimwambia mama aisokote hii ngata, hakuniuliza ni ya nini. Mama, naomba usogee. Wewe kijana, msaidie bibi, shika mkono wa kushoto, wa kulia unamsumbua. Mpeni kiti.

Mama, mwaka ule baba hayupo tulikuwa watoto watano na jembe moja. Mbegu hukuzila, maana tulipanda. Mafuta ya karanga yalikwenda kwenye mnyororo. Nakumbuka sisi tulikula, nakumbuka kabisa nilikuwa nashiba, na nakumbuka sufuria ilikuwa ndogo. Wewe sikumbuki kukuona unakula. Nina miaka mingi ya kukuuliza na sijawahi.

Ulikuwa unakula nini?

Kipaza sauti hiki hapa, Mama. Shika karibu na mdomo.